Namna ya Kuandaa Tamasha la Ngoma la Kijiji Kando ya Ziwa Victoria

Mwongozo huu ni wa kamati ya kijiji au kata inayotaka kufanya tamasha la siku moja wakati wa kiangazi kwenye mwambao wa Mwanza, iwe Magu, Ilemela, Misungwi, Sengerema, Buchosa au Ukerewe. Vipimo vyake ni vya vikundi sita vya ngoma na watazamaji wapatao elfu moja. Mkitarajia watu wengi zaidi, ongezeni maji, vyoo na walinzi. Vikundi msiongeze: cha saba hupanda uwanjani jua likizama na watu wameshashika njia ya nyumbani.

Kabla ya yote kubalianeni kwamba ngoma ndiyo tamasha lenyewe. Kamati nyingi huanzia kwenye jukwaa, spika na maturubai, fedha zikaishia hapo, halafu manju, yaani kiongozi wa nyimbo wa kikundi, aliyetoka kilomita arobaini na watu wake anapewa dakika kumi katikati ya hotuba mbili. Mbina, yaani ngoma ya Kisukuma, haikutungwa kwa dakika kumi. Manju huanza taratibu, huwasalimu watu, huwataja wazee na kuwachokoza wapinzani, wapiga ngoma wakisikilizana na wachezaji wakikolea. Utamu wake huja baada ya nusu saa. Ratiba isiyokipa kila kikundi saa nzima inakata kabla ya kilichowaleta watu.

Tarehe: tazameni shamba, mwezi na sherehe za wengine

Mvua za masika huisha Mei. Kuanzia Juni hadi Agosti mpunga umevunwa, pamba inauzwa, barabara za vumbi zinapitika na watu wana nafasi. Septemba inafaa, ila kuanzia Oktoba mawingu huanza kukusanyika, wakulima wanarudi kuandaa mashamba, na mvua moja ya saa moja inatosha kuharibu kazi ya miezi mitatu.

Halafu tazameni mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi inapokuwa kali dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika na mwalo mzima (kituo cha wavuvi ufukweni) uko nyumbani. Tamasha likipangwa usiku wa giza linakosa vijana wa mwaloni, wachuuzi wao na nusu ya wateja wa chakula. Chukueni kalenda inayoonyesha mwezi mpevu, kisha chagueni Jumamosi iliyo siku moja hadi tatu kabla ya mwezi kujaa. Msichague ya baada yake. Kabla ya kujaa, mwezi huwa umeshapanda jua linapozama, hivyo anayerudi kwa miguu ana mwanga njia nzima. Ukishajaa, kila siku huchelewa kutoka kwa karibu dakika 50. Siku tatu baadaye kuna saa mbili na zaidi za giza totoro, na ndizo saa ambazo akina mama na watoto wako njiani.

Mwisho, sherehe za wengine. Vikundi bora vya Usukuma huwa Bujora, Kisesa, kwa ajili ya Bulabo, sherehe inayofungamana na sikukuu ya Ekaristi. Sikukuu hiyo hufuata Pasaka, kwa hiyo tarehe yake huhama kila mwaka kati ya mwishoni mwa Mei na mwishoni mwa Juni, na ngoma huendelea siku kadhaa baada ya ibada. Msishindane nayo, mtapata vikundi vilivyobaki, na vilivyobaki vinajua hivyo. Wiki ya Nane Nane nayo huchukua maofisa, wasanii na wachuuzi kwenda kwenye maonyesho ya kilimo. Muulizeni mtendaji wa kata ni lini Mwenge wa Uhuru utapita wilayani kwenu, maana siku hizo hampati ofisa hata mmoja. Ulizeni pia siku ya mnada wa ng'ombe wa jirani. Wakati unaofaa zaidi ni wiki mbili za katikati ya Julai, au nusu ya pili ya Agosti.

Vibali: wiki sita kabla

Anzeni na serikali ya kijiji. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji waandike muhtasari wa kikao uliokubali tamasha, wenye tarehe, uwanja na majina ya kamati. Nakala yake ndiyo mtakayoambatanisha kila mahali. Kutoka hapo nendeni kwa mtendaji wa kata, kisha kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, ambaye atawaelekeza kuhusu kibali cha shughuli za sanaa na usajili wa wasanii katika Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Kama mtapiga muziki uliorekodiwa, hata wa kujaza nafasi tu, iulizeni Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA) kuhusu leseni. Wengi hulisahau hili kwa kudhani ngoma za asili haziwahusu, na kweli haziwahusu. Zinazowahusu ni zile nyimbo za kwenye simu ya fundi mitambo.

Polisi wapewe taarifa ya maandishi. Sheria inataka isipungue saa 48 kabla ya mkusanyiko. Nyinyi pelekeni wiki mbili kabla, mbakiwe na muda wa kurekebisha wakiwa na pingamizi. Andikeni saa ya kuanza, saa ya kumaliza, idadi ya watu, jina la msimamizi na namba yake ya simu. Saa ya kumaliza iwe ya kweli, maana ndiyo mtakayoulizwa.

Kualika vikundi

Msipige simu peke yake. Tumeni watu wawili kwa manju au kiongozi wa kikundi, wakiwa na barua. Wamuulize mambo haya na kuyaandika: anakuja na watu wangapi, ngoma ngapi, wanacheza aina gani, wanatoka wapi na kwa usafiri gani, wanalala au wanarudi, na wanahitaji nini uwanjani. Kikundi cha kawaida kina wachezaji 20 hadi 25, na huandamana na watu wengine watano hadi kumi ambao si wachezaji lakini ni wa lazima: wabeba ngoma, wapishi, wazee wao. Wote wanakula. Anayepanga chakula kwa kuhesabu wachezaji tu atakosa sahani tano hadi kumi kwa kila kikundi.

Nauli ya kuja lipeni kabla, ikiwezekana siku tatu kabla, na msaini mbele ya watu wawili wa kikundi, si manju peke yake. Iliyobaki walipeni siku ileile ya tamasha kabla hawajapanda gari. Kiasi kikubwa cha ugomvi wa ndani ya vikundi hutokana na fedha iliyopokewa na mtu mmoja gizani.

Changanyeni aina. Bugobogobo, ngoma ya majembe iliyotokana na kazi ya shamba, huvuta umati kuliko zote na ni lazima iwepo. Wawindaji wa nungunungu wana ngoma yao, bununguli. Wigashe huchezwa watu wamekaa, na inafaa sana kabla ya jua kupungua ukali. Kwa upande wa Ukerewe tafuteni mpiga enanga. Kutoka Mara anaweza kuja mpiga litungu. Ala hizi mbili za nyuzi zina sauti ndogo, na zinahitaji mahali pa peke yake, kama tutakavyoeleza.

Kuhusu kikundi cha nyoka, yaani wanaocheza na nyoka hai. Watu wanawapenda na watoto huwafuata kila waendapo, ila mkiwaalika wekeni masharti kwa maandishi: chatu tu, hakuna nyoka mwenye sumu, nyoka akae ndani ya sanduku lenye kufuli mpaka zamu yake, watazamaji wakae mita nne kutoka kwa mchezaji. Wiki moja kabla, pigeni simu kwenye hospitali ya wilaya kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, na kama haipo, iliyo karibu ni ipi. Mtu akiumwa: alazwe, atulizwe, mguu au mkono ufungwe kwenye ubao usitikisike, apelekwe hospitali mara moja. Asichanjwe, asifyonzwe jeraha, asifungwe kamba ya kubana damu. Gari la kumpeleka liwe limeegeshwa likitazama barabara, na dereva asiwe mmoja wa wanywaji.

Uwanja

Uwanja wa mpira wa miguu unatosha. Viwanja viwili vya kuchezea viwekwe ndani yake, kwa sababu desturi ya Usukuma ni vikundi viwili kucheza kwa wakati mmoja, Bagika upande huu na Bagalu upande ule (ndiyo makundi mawili makuu ya ngoma yanayoshindana), na mshindi ni yule aliyewavuta watu. Kuvigeuza kuwa maonyesho ya kupokezana jukwaani ni kuondoa moto wote.

Kila kiwanja kiwe duara lenye upana wa mita 15. Pigeni kigingi katikati, fungeni kamba ya mita 7 na nusu, zungukeni mkimwaga chokaa au majivu. Kutoka kigingi cha kwanza hadi cha pili pawe na mita 60. Watazamaji wakishalizunguka kila duara kwa kina cha mita tano au sita, bado kutabaki njia ya karibu mita 30 katikati, na njia hiyo ndiyo usalama wenu. Kikundi kimoja kikirusha majembe na kelele zikapanda, watu mia tatu huhama kwa mbio. Pakiwa na meza za wachuuzi, pikipiki au waya hapo katikati, watoto wataumia. Njia isiwe na kitu chochote.

Mstari unaounganisha maduara mawili uende sambamba na ufukwe. Mchana wa kiangazi upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Mkiliweka duara moja mbele ya jingine kufuata upepo, sauti ya kikundi cha mbele itamwagika juu ya cha nyuma, na cha nyuma kitalalamika kwa haki. Viti vya wazee na wageni viwe upande wa magharibi wa kila duara ili jua liwe mgongoni mwao.

Kamba kuzunguka duara iwe mita mbili nje ya chokaa, imefungwa kwenye fito kila mita tatu, kwa kimo cha kiuno cha mtu mzima, na vipande vya kitambaa cheupe vifungwe juu yake. Kamba ya chini kwenye kifundo cha mguu huangusha watu. Watoto wakae chini mbele kabisa, nyuma ya kamba.

Vumbi ni adui wa koo la manju. Duara la upana huu lina kama mita za mraba 177, na linahitaji lita mbili za maji kwa kila mita, yaani ndoo 18 za lita 20. Mwagieni jioni ya kuamkia tamasha, kisha nusu ya hizo asubuhi kabla ya saa 3. Kumwagia dakika za mwisho huleta utelezi, na mchezaji anayetua na jembe kwenye tope huvunjika kifundo. Okoteni mawe, misumari na vipande vya chupa kwa mikono, watu kumi wakitembea bega kwa bega. Ufagio huacha vilivyozama.

Kama kuna majabali jirani, na Mwanza yapo kila mahali, watoto watayapanda. Wekeni mlinzi mmoja kwa kila jabali refu kuliko mtu. Sungusungu wa kijiji wanalifaa jambo hili kuliko walinzi wa kukodi, maana wanawajua watoto na wazazi wao.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Shughuli yote, hasa vyoo na majiko, iwe nyuma ya hapo. Faida yake si ya kisheria tu: watu wakikaa karibu na maji, joto likizidi wataingia, na kichocho kipo kwenye maji matulivu yenye nyasi.

Majembe na ngoma: kagueni asubuhi

Kwenye bugobogobo jembe hurushwa, huzungushwa na kudakwa. Mpini wa mti hukauka kiangazi na kusinyaa, tundu likalegea, na jembe huchomoka likiwa hewani kuelekea watazamaji. Kila jembe lilowekwe usiku kucha upande wa kichwa, mti uvimbe. Asubuhi mshike mpini, mgonge kichwa chake chini mara tano kwa nguvu. Likicheza hata kidogo halipandi uwanjani. Makali yafutwe kwa tupa mpaka yawe butu.

Ngozi ya ngoma hufuata hewa. Asubuhi na jioni unyevu wa ziwa huilegeza, sauti ikawa nzito na ya kufa. Mchana jua kali huikaza mpaka ipasuke. Kwa hiyo:

1. Washeni moto mdogo wa mabua au nyasi kavu nusu saa kabla ya kila zamu, mita 20 nje ya kamba, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watu. Plastiki na matairi hapana, yanaacha masizi kwenye ngozi na kuumiza vifua vya wapigaji.
2. Simamisheni ngoma ikiutazama moto kwa umbali wa mita moja hadi moja na nusu. Mkono ukiwekwa mbele ya ngozi uvumilie joto bila kuondolewa. Usipovumilia, ngoma iko karibu mno.
3. Igeuzeni kila dakika mbili tatu. Upande mmoja ukipata moto zaidi ngozi hujivuta na kuchanika kwenye vigingi.
4. Gongeni katikati na pembeni. Sauti ikilingana, iondoeni. Dakika 15 hadi 20 zinatosha kwa ngoma kubwa, ndogo huwahi.
5. Ikishapashwa ikae kivulini, imefunikwa kitenge, mpaka zamu.

Kila kikundi kipashe ngoma zake chenyewe. Msimpe kijana wa kamati kazi hii, hata awe mwepesi vipi.

Je, mweke ngozi ya akiba? Haina maana, ngozi haibadilishwi kwa saa moja. Ombeni vikundi vije na ngoma moja ya ziada.

Sauti

Ngoma hazihitaji kipaza sauti. Ngoma nne za Kisukuma zinasikika kilomita moja na zaidi, na fundi anayeziwekea vipaza sauti anaua maneno ya manju, na maneno ndiyo wazee wamekuja kuyasikiliza. Kila duara lipewe vipaza sauti viwili, cha manju na cha waitikiaji, na spika mbili zenye amplifaya ndani, za inchi 15.

Spika ziwekwe juu ya stendi, kimo cha mita mbili, zikiwa mbele ya mstari wa manju kwa mita mbili na kuelekea nje. Zikiwa nyuma yake, kipaza sauti kitaisikia spika na kuanza kupiga miluzi, fundi atapunguza sauti, manju atapiga kelele, na baada ya dakika 20 koo limekwisha. Kila kipaza sauti kivikwe sponji nene. Upepo wa ziwa ukipiga kichwa kitupu husikika kama radi. Manju akishike kidole kimoja au viwili kutoka mdomoni, asikishike kwa kukifumbata kichwa.

Kila duara liwe na jenereta yake ndogo, kVA 2 na nusu inatosha, ili waya usivuke ile njia ya katikati. Matumizi ni kama lita moja ya petroli kwa saa. Dumu la lita 20 linazitosha zote mbili siku nzima. Jenereta ikae mita 30 upande ambao upepo unaelekea. Izimwe na ipoe dakika kumi kabla ya kuongezwa mafuta.

Enanga, zeze na litungu msiziingize kwenye shindano. Zipeni mti wenye kivuli, mikeka, watu mia na hamsini waliokaa karibu, na kipaza sauti kimoja sentimita 15 kutoka kwenye ala. Wakati wake ni kabla ya chakula, ngoma zote zikiwa kimya. Mpiga enanga anayeshindana na bugobogobo mita hamsini kutoka hapo amedhulumiwa.

Ratiba

Saa 4 asubuhi vikundi vyote viwe vimefika. Saa 5 hadi 7: enanga na zeze chini ya mti, watoto wa shule, wigashe, na kikundi cha nyoka kama kipo, peke yake na nje ya shindano, kwa sababu hakuna kikundi kinachoweza kumshinda chatu kwa kuvuta watu. Saa 7 chakula cha wasanii. Saa 7 na nusu hotuba, dakika 20 kwa wasemaji wote kwa pamoja. Mgeni rasmi aambiwe hivyo kwenye barua ya mwaliko, si akiwa ameshika kipaza sauti. Jozi ya kwanza saa 8 hadi 9, ya pili saa 9 na robo hadi 10 na robo, ya tatu saa 10 na nusu hadi 11 na nusu. Matokeo, zawadi, kufunga saa 12. Jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1, na mwezi mliouchagua unakuwa umeshapanda.

Vikundi vya visiwani viwe kwenye jozi ya kwanza, sababu ni maji.

Wanaokuja kwa boti

Ziwa hutulia asubuhi na kuchafuka mchana, na kiangazi upepo wa kusini unaweza kuinua mawimbi makubwa kwa muda mfupi. Boti la mwisho la kurudi liondoke saa 10 na nusu, hata kama shindano halijaisha. Mkubaliane hivyo na nahodha na manju kabla ya siku.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake, na watu zaidi ya 200 walikufa. Siku za gulio na sherehe ndizo siku vyombo vinapojazwa. Kamati imuweke mtu mmoja kwenye mwalo, mwenye daftari, ambaye kazi yake ni kuhesabu. Anaandika majina wakati wa kupanda na kuyasoma wakati wa kushuka. Boti lisilo na jaketi la kuokolea kwa kila abiria haliondoki, na jaketi livaliwe, lisikaliwe. Ngoma nzito zikae katikati chini, zimefungwa, zisiviringike upande mmoja. Wachezaji wakae mpaka boti lifungwe kamba. Kusimama wote upande wa gati ni hatari hata kwenye maji matulivu. Na wasipige ngoma njiani. Mchezo wa kuyumbisha boti kwa mdundo tunaujua, na hatuutaki.

Kumpata mshindi

Hapa ndipo matamasha huvunjika. Andikeni kanuni, zisomwe mbele ya manju wote siku moja kabla.

Pigeni mstari wa chokaa katikati ya ile njia. Anayesimama upande fulani anahesabiwa huko. Piga picha kutoka mahali pa juu, jabali au paa la shule, mara tatu: dakika ya 20, ya 40 na ya 55. Wapiga picha ni wawili, kila kikundi kimeteua wake, na simu zao zinakabidhiwa kwa mzee mmoja mara tu baada ya picha ya tatu. Aliyepata watu wengi kwenye picha mbili kati ya tatu ameshinda. Dakika hizo zisitangazwe kwa watazamaji, la sivyo jamaa wa kikundi watakimbizwa upande mmoja kwa ishara.

Kila upande ukabidhiwe duara lake jioni ya kuamkia tamasha, na sungusungu wawili walale pale. Dhana ya dawa za kuvuta watu ni ya zamani kwenye mashindano haya, na kikundi kilichoona mtu akinyunyiza kitu kwenye duara lake usiku hakitacheza asubuhi. Msibishane nao kama dawa zinafanya kazi. Lindeni uwanja, mshuku hana pa kuanzia. Zawadi nazo zisipishane mno: mshindi apate mtamba, wa pili apate mbuzi wawili, na hakuna kikundi kinachoondoka mikono mitupu.

Maji, chakula, vyoo

Lita mbili za maji ya kunywa kwa kila mtu, yaani lita 2,000 kwa siku. Simtanki mbili za lita 1,000, kila moja karibu na duara lake, ni bora kuliko moja kubwa, maana foleni moja huziba njia. Maji ya ziwa yachujwe kwanza kwa kitambaa, kwa sababu tope hula dawa, ndipo yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa dakika 30. Wachezaji wawekewe ndoo yao pembeni mwa duara, pamoja na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Anayecheza saa nzima juani akipata kizunguzungu na kuacha kutoa jasho, apelekwe kivulini mara moja na kumwagiwa maji.

Mashimo ya choo sita ya wanawake, matatu ya wanaume na uzio wa haja ndogo, yote mita 30 au zaidi kutoka kisimani na upande wa chini wa upepo. Kila choo na ndoo ya bomba, sabuni, na mtu wa kujaza. Ndoo ikiisha maji saa 8 mchana na hakuna aliyepewa kazi hiyo kwa jina, itabaki tupu mpaka jioni.

Mama lishe waalikwe kwa orodha, wasizidi kumi na wawili, na kila mmoja apike kitu chake: ugali wa udaga (muhogo mkavu) na sato, sangara wa kukaanga, dagaa, michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) kwa maziwa ya mgando. Bila kugawana hivyo wote watapika wali na maharage. Majiko yawe na ndoo ya mchanga kando. Pombe iuzwe mahali pamoja, mbali na majembe, na isiuzwe kwa msanii kabla ya zamu yake.

Baada ya ngoma

Lipeni vikundi kwanza, kabla ya fundi wa sauti na kabla ya maturubai. Kesho yake asubuhi watu ishirini waokote taka, mashimo yafukiwe kwa udongo wa nusu mita, fito zing'olewe ili watoto wapate uwanja wao wa mpira. Ndani ya wiki mbili hesabu zisomwe kwenye mkutano wa kijiji: kilichoingia, kilichotoka, risiti zikiwa mezani, na kiasi kilichobaki kitajwe kwa tarakimu na kiwekwe benki kwa jina la kamati, si la mtu.